Draiva mwachie shemeji: jibu kwa dada wa Kisumu anayeanza na mashimo mafupi

Swali nimelifupisha kidogo, lilikuwa refu na vicheko vingi katikati:

"Kocha habari yako. Niko Kisumu, nina miaka 38, nafanya kazi kwa sacco. Mwezi ujao ofisi iko na siku ya gofu na wametuambia sisi wageni tutacheza mashimo 9 mafupi, yote pa-3. Sijawahi kushika fimbo ya gofu maishani. Shemeji yangu wa Nakuru ameniletea begi zima limejaa fimbo na anasisitiza nianze na draiva, ati hiyo ndio gofu yenyewe. Mume wangu anacheka tu. Nijifunze nini kwanza, nibebe nini, na nikipiga mara kumi na mpira haujaingia nafanyaje? Sitaki kuaibika mbele ya bosi."

Poa dadangu, nimesoma yote. Jibu fupi ni hili: hiyo draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, irudi Nakuru. Si kwamba shemeji ana nia mbaya, hapana, yeye amezoea uwanja wa mashimo 18 na huko draiva ina kazi yake, lakini wewe umeitwa kwa mashimo ambayo hata lile refu kabisa pengine halifiki mita 140, na draiva mikononi mwa mtu anayeanza haiendi mbele, inaenda kwa jirani.

Tuanze na hesabu ndio uone kwa nini nasema hivyo. Pa ni idadi ya mipigo ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kutumia kwa shimo moja. Pa-3 maana yake mpigo mmoja wa kufika kwa grini (ile nyasi fupi laini yenye shimo na bendera), halafu miwili ya kusukuma mpira mpaka uingie. Mashimo 9 ya pa-3 yanatoa 27. Sasa angalia vizuri hapo, kati ya ile mitatu, miwili inapigwa mpira ukiwa chini, unabingirika, hakuna nguvu yoyote inahitajika. Na wewe ambaye hutafika grini kwa mpigo mmoja (hutafika, tusidanganyane, mara moja moja tu kwa bahati) utakuwa na mwingine wa tatu wa karibu, ule wa kuinua mpira kidogo kutoka kando ya grini. Kwa hivyo siku yako nzima itaamuliwa na mambo yanayotokea ndani ya mita 30 kutoka kwa bendera, na hapo ndipo watu wanaoanza hawafanyi mazoezi hata dakika moja, wote wako renji, pale pa kupigia mipira ya mazoezi, wanapiga draiva wakijirekodi video.

Hiyo 27 yenyewe usiiangalie. Ukimaliza na 50 siku ya kwanza umecheza vizuri sana, ukimaliza na 60 hakuna mtu atakufukuza.

Na usikubali mtu akwambie mashimo mafupi ni mchezo wa watoto. St Andrews kule Scotland wana uwanja unaitwa Balgove, mashimo 9, umewekwa kwa ajili ya wanaoanza na familia zao, na hakuna anayesema St Andrews hawajui gofu. Marekani, pale Pinehurst, walifungua The Cradle mwaka 2017, mashimo 9 yenye yadi 789 kwa jumla, yaani kama mita 720 uwanja mzima, na watu wazima wenye handikapu nzuri (hiyo ni mipigo ya ziada mchezaji anayopewa kulingana na uwezo wake, ikiwa michache ndio hodari) wanaenda kucheza hapo kwa raha zao. Hata Augusta, huko huko Marekani, siku moja kabla ya shindano kubwa la Masters kuanza, mapro wenyewe hucheza shindano la pa-3, na limekuwepo tangu 1960.

Huku kwetu hali ni tofauti kidogo. Klabu nyingi za magharibi ziko na mashimo 9 lakini hayo si mafupi, ni mashimo ya kawaida, unazunguka mara mbili kupata 18. Kakamega iko hivyo, Nandi Bears pale Nandi Hills iko hivyo, Mumias nayo, uwanja wa katikati ya miwa ambao jina la mcheza gofu wa kulipwa Dismas Indiza limeutangaza kuliko tangazo lolote. Kwa hivyo ofisi ikisema "mashimo mafupi", mara nyingi waandalizi wamesogeza tu sehemu ya kuanzia, wanaweka alama pale kwa feawei (nyasi iliyokatwa kuelekea grini) mita 80 au 100 au 120 kutoka kwa bendera na hapo ndio mnaanzia. Hiyo ni habari nzuri kwako manake unaweza kufanya jambo hilo hilo mwenyewe kabla siku ifike. Nenda kwa klabu katikati ya wiki, jioni jioni wakati hakuna watu, uliza ofisini kama unaruhusiwa kuingia na kedi, yule anayekubebea begi na kukuonyesha uwanja, na kulipia mashimo machache, halafu mwambie kedi akupeleke mpaka mita 100 kutoka kwa grini. Weka mpira hapo, hapo ndio mwanzo wa shimo lako. Ukimaliza mnatembea mpaka mita 100 za shimo linalofuata. Tayari uko na uwanja mfupi na hujajenga kitu. Watu wengine wakikaribia kutoka nyuma, simama kando, wapungie wapite, hakuna anayekasirika akipishwa.

Sasa begi. Sheria inasema mtu asizidishe fimbo 14, haijasema popote usipunguze. Toa nne tu: aironi (fimbo ya kichwa cha chuma) namba 7, aironi namba 9, weji moja ya kuinulia mpira karibu (ukiona imeandikwa P au S chini yake, chochote kati ya hizo ni sawa) na pata, ile fimbo bapa ya kusukumia mpira kwa grini. Sababu ya kuacha draiva si kwamba ni ndefu peke yake. Uso wa draiva umesimama, umelala nyuzi kama 10 hivi tu, na fimbo yenye uso uliosimama ikikosea kidogo tu mpira unapinda vibaya kulia au kushoto. Weji imelala nyuzi 45 kwenda juu, aironi 9 karibu 40 au zaidi, hizo zinainua mpira na kuuzungusha kwa nyuma, na mpira unaozunguka kwa nyuma haupindi sana. Kwa hivyo kosa lile lile ambalo kwa draiva lingekupeleka barabarani, kwa aironi 9 linakuacha hatua kumi kando ya grini na bado mna mchezo.

Kitu kingine kuhusu begi la shemeji: hizo ni fimbo za mwanaume, kuna uwezekano mkubwa ni ndefu kwako na mpini wake ni mgumu. Usiende kununua zingine. Shika chini kidogo, sentimita tatu hivi chini ya mwisho wa raba ya kushikia, itakutosha kabisa kwa siku moja. Ila hakikisha shemeji si mtu wa mkono wa kushoto, hiyo nimeona ikitokea, mtu anakuja na begi zima la fimbo zinazoangalia upande mwingine. Mipira nunua ile iliyookotwa, inauzwa bei rahisi karibu na kila klabu, beba kama kumi na usiogope kuipoteza. Mpira mpya wa bei ghali kwa anayeanza ni kusumbua roho tu.

Sasa mazoezi, na hapa ndipo nataka tukae.

Anza nyumbani na pata, kwa kapeti au hata kwa sakafu laini, weka kikombe umbali wa mita moja na usukume mpira mpaka uchoke. Mabega ndio yanasonga, viganja vimetulia, kichwa hakifuati mpira. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, hilo ni kubwa kuliko kikombe chako cha chai, kwa hivyo ukiweza kikombe shimo litakuwa rafiki. Ukifika kwa grini yenyewe ya mazoezi badilisha, acha kufikiria mwelekeo, fikiria umbali. Mpira ukiwa mita 8 au 10 kutoka kwa shimo lengo lako si kuingiza, lengo ni uishie ndani ya duara la mita moja kuzunguka shimo ili mpigo unaofuata uwe ule wa kikombe. Karibu kila mtu anayeanza anakosa kwa umbali, anapiga mita 4 halafu anapitisha mita 3, hakosi sana kwa mwelekeo. Na bendera unaweza kuiacha ndani ya shimo ukisukuma, tangu sheria za 2019 hiyo si kosa tena, kwa hivyo usishtuke ukiona mtu hajaitoa.

Halafu chipu, ule mpigo mdogo wa kutoka kando ya grini. Dadangu huu ndio mpigo wako, ujue huu vizuri na hayo mengine tutasameheana. Shida yake huku kwetu ni nyasi. Viwanja vingi vyetu, hasa vya juu kule Nakuru, Kericho, Nandi, vina nyasi ya kikuyu, na hata kama hujawahi kucheza gofu unaijua, ndio ile inatambaa, ina vikonyo vigumu chini na majani mengi juu, ile ng'ombe anaipenda. Kwa feawei iliyokatwa inakubeba, mpira unakaa juu juu na ni rahisi kuupiga. Lakini hatua mbili tatu nje ya grini, pahali mashine haijapita vizuri, inashika shingo ya fimbo, fimbo inasimama kabisa, mpira unasonga sentimita 20 na watu wanne wanasema "aaah" kwa pamoja.

Kama mpira umekaa vizuri juu ya nyasi fupi, chukua aironi 9 na ushike chini kabisa karibu na chuma. Miguu iwe karibu karibu. Uzito mwingi uegemee mguu wa kushoto (naongea na mtu wa mkono wa kulia) na ukae hapo hapo mpaka mwisho, usihamehame. Mpira uwe usawa wa kidole gumba cha mguu wa kulia, mikono imetangulia mbele ya mpira kidogo. Sasa unatingisha mabega tu, nyuma kidogo, mbele kidogo, fimbo iguse mpira kwanza ndio iguse nyasi. Usiangalie shimo, chagua pahali pa kutua, hatua moja ndani ya grini, mpira ukishatua hapo utabingirika wenyewe. Kwa aironi 9 hesabu ya haraka ni theluthi moja hewani na theluthi mbili chini. Nguvu ni ya kumrushia mtu funguo za gari aliye ng'ambo ya meza, hakuna mtu anayekokotoa hapo, mkono wenyewe unajua.

Kama mpira umezama kwa hiyo kikuyu ndefu, badilisha. Chukua weji, kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto kwa sababu nyasi itajaribu kukugeuzia fimbo, inua fimbo kwa kukunja kifundo cha mkono ili ipande wima kidogo, halafu shuka nayo juu ya mpira bila kusita. Kusita ndio kunaua. Na usitarajie mpira usimame karibu na shimo, ukitoka tu ukaingia kwa grini shukuru Mungu endelea.

Kosa moja ambalo utalifanya, najua utalifanya, ni kujaribu kuuinua mpira. Utaona mpira uko chini na unataka upae, basi mwili unarudi nyuma na mikono inachota, fimbo inagonga ardhi nyuma ya mpira au inagonga mpira katikati na unakimbia chini chini mpaka ng'ambo ya grini. Fimbo imetengenezwa ikiwa imelala nyuma, yenyewe ndio inainua. Kazi yako ni kupiga kuelekea chini na mbele. Mwambie kedi akiona unachota akukumbushe neno moja tu, "chini".

Aironi 7 iache mwisho, na ujifunze nusu swingi tu. Mikono ipande nyuma mpaka usawa wa mabega, ishuke, iishie usawa wa mabega upande wa pili na kitovu kimegeukia bendera. Basi. Pale pa kuanzia shimo unaruhusiwa kuweka mpira juu ya kijiti hata kama unatumia aironi, kwa hivyo weka, chini kabisa, kama sentimita moja juu ya nyasi, hakuna sababu ya kujinyima msaada uliohalalishwa. Unaweza kuweka mahali popote kati ya zile alama mbili na nyuma yake mpaka urefu wa fimbo mbili, usipite mbele ya alama tu. Kwa shimo la mita 110 mpigo wa nusu swingi pengine utakupeleka mita 60 au 70, sawa, unabaki na mwingine mfupi wa weji au aironi 9. Wale wenzako watakaojaribu kufika kwa mpigo mmoja kwa nguvu zote nusu yao watakuwa wanatafuta mipira kwa vichaka wakati wewe uko kwa grini unangoja.

Halafu shemeji atakuambia aironi 7 yake inaenda mita 150 na wewe utajiona mnyonge. Ni kweli Nakuru iko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi huko, mpira unaenda mbali zaidi kwa asilimia 7 hivi ukilinganisha na Mombasa. Kisumu iko kama mita 1,130, unapata asilimia 4 hivi. Tofauti kati yenu kwa ile 150 ni mita nne, tano. Sasa mtu akija Kisumu akaanza kulaumu hewa ya ziwa kwa mita 40 alizopoteza, mwache aendelee.

Banka la mchanga sitakuchosha nalo. Usiguse mchanga na fimbo kabla hujapiga, hiyo ni adhabu. Fungua uso wa weji uangalie juu, piga mchanga sentimita tano nyuma ya mpira na umalize swingi, mchanga ndio unautoa mpira. Ukishindwa mara mbili okota. Na usawazishe nyayo zako kwa reki ukitoka.

Sasa lile swali la mipigo kumi. Liko kwa sheria kabisa, si huruma. Tangu 2019 kuna aina ya mchezo ambapo waandalizi wanaweka kiwango cha juu cha mipigo kwa kila shimo, na wengi wanachagua mara mbili ya pa. Kwa pa-3 hiyo ni 6. Ukifika wa sita na haujaingia unaokota mpira, unaandika 6, unaelekea shimo linalofuata, kichwa juu. Kuna pia Stableford, mfumo wa alama ulioletwa na daktari Mwingereza Frank Stableford na ukatumika rasmi 1932, huko unahesabu alama na si mipigo, pa unapata 2, ukizidisha mpigo mmoja unapata 1, ukizidisha zaidi ni sufuri na unaokota mpira, na mgeni wanamwongezea mipigo ya handikapu ndio asitoke kapa. Uliza waandalizi mapema mnacheza gani. Kama ni ule mtindo wa timu ambapo wote wanapiga, mnachagua mpira uliokaa vizuri zaidi na wote wanapiga tena kutoka hapo, basi wewe na kikombe chako cha kapeti mtakuwa lulu, manake timu hizo kila mtu anajua kupiga mbali na hakuna anayejua kuingiza mpira wa mita mbili.

Sheria zingine za kukutosha siku hiyo ni chache. Ukirusha fimbo ukiwa na nia ya kupiga na ukaukosa mpira kabisa, huo ni mpigo, hesabu. Mpira ukianguka wenyewe kwa kijiti kabla hujapiga, si kitu, rudisha. Kutafuta mpira uliopotea ni dakika tatu, si zaidi, na kwa mchezo wa kirafiki dondosha mwingine karibu na ulipopotelea, jiongezee mipigo miwili, songa. Ukiingia mahali penye vigingi vyekundu, maji au mtaro, unatoka kwa mpigo mmoja wa adhabu. Ukidondosha mpira udondoshee usawa wa goti. Na usikae sana juu ya mpira, sheria yenyewe inapendekeza mtu asizidi sekunde 40 zamu yake ikifika. Kusema ukweli mtu anayepiga vibaya haraka anapendwa uwanjani kuliko anayepiga vizuri polepole, hata bosi wako atakuambia hivyo.

Kedi usimkwepe ati kuokoa pesa. Mkubaliane malipo kabla ya kuanza na umlipe vizuri, mapro wetu wengi walianzia hapo hapo kwa kubeba begi na yule kijana anajua ule uwanja kuliko yeyote kwa kundi lenu. Muulize mambo matatu kila shimo: umbali, upande gani nisiende, na kwa grini mteremko unaelekea wapi. Akianza kukufundisha swingi katikati ya mchezo, kila mpigo na ushauri mpya, mwambie kwa upole, "kaka, hiyo tutaongea tukimaliza". Huwezi kubadilisha mwili na kuhesabu mipigo kwa wakati mmoja.

Usalama sasa, na hili nalisema bila mzaha. Mpira ukielekea kwa watu piga kelele "fooo!" kwa nguvu zote, usione haya, na ukisikia wewe jikunje ufunike kichwa, usigeuke kuangalia. Usisimame mbele ya mtu anayepiga hata kama amesema atapiga upande ule, hasa kama ni wa siku ya kwanza. Usipige mpaka walio mbele wameondoka kwa grini. Na mvua ya huku unaijua, asubuhi jua, mchana mawingu yanajikusanya, saa tisa radi. Ngurumo ya kwanza ukiisikia weka fimbo chini uingie ndani, sheria inakuruhusu kusimamisha mchezo mwenyewe ukihisi hatari ya radi bila kuomba ruhusa ya mtu, na ukae ndani nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Usijifiche chini ya mti, wala mwavuli wa gofu si kinga. Kuna ile kanuni ya zamani inayotajwa sana kwamba Nyanza mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba unaruhusiwa kudondosha mwingine mbali bila adhabu, watu wanaicheka duniani kote, lakini radi ndiyo ya kuogopa, viboko mchana wako majini.

Mavazi, vaa blauzi au tishati yenye kola, suruali ya kitambaa au sketi ya kufika magoti, jinzi acha, viatu vya soli bapa vinatosha. Simu kimya. Ukipita kwa grini usikanyage mstari kati ya mpira wa mwenzako na shimo, zunguka.

Umeuliza pia kwa mwisho kabisa kama inawezekana kupata handikapu ukipenda mchezo. Inawezekana, na haraka kuliko unavyodhani. Mfumo mmoja wa dunia ulianza 2020 na kiwango cha juu ni 54.0 kwa wanawake na wanaume sawa, kimewekwa juu hivyo makusudi ndio anayeanza apate nafasi. Unahitaji skoa za mashimo 54 kwa jumla, unaweza kuzikusanya tisa tisa, zikiwa zimechezwa na mtu wa kukushuhudia kwa uwanja uliopimwa. Tangu 2024 mfumo huo unakubali hata viwanja vifupi, mashimo 9 kuanzia yadi 750 hivi. Zile mita 100 zako za kujipimia na kedi hazihesabiwi, hizo ni mazoezi, lakini ukijiunga na klabu utaanzia kwa alama za wanawake na watakuonyesha jinsi ya kuandikisha kadi.

Siku yenyewe fika saa nzima mapema. Usiende renji kumaliza ndoo ya mipira, utachoka na utajaza kichwa wasiwasi. Piga aironi 7 chache tu za nusu swingi kuamsha mgongo, kisha nenda grini ya mazoezi, chipu kidogo, halafu sukuma mita moja mita moja mpaka waite jina lako. Beba maji, kofia, na hela ya kedi iwe tayari mfukoni kwa noti ndogo.